Mpini wa Pembe

Mpaka leo mtu akinitajia mpini wa pembe, mwili hunisisimka. Nimezeeka, meno yamenihama, nimesahau hata sura za watu niliosafiri nao miezi kutoka Unyanyembe, lakini siku ile ya muhoro naikumbuka mpaka harufu yake. Wajukuu wangu hunitania kwamba mimi ndiye mwenye duka pekee Karagwe nzima anayeuza mapanga yenye mipini ya mti wa msambya tu, na mteja akiulizia ya pembe hufukuzwa kama kuku jikoni. Wacheke tu, wao hawakuwapo.

Nilifika Bweranyange nikiwa kijana, miaka michache baada ya sotoka kuwamaliza ng'ombe. Sotoka yenyewe sikuiona. Niliisikia njiani tu, kama mtu anavyosikia habari ya mafuriko ya nchi nyingine, nikasema masikini, nikaendelea na safari yangu. Nilikuwa nakwenda kushika duka la ami yangu, mtu wa pwani kama baba yangu, aliyefanya biashara huko kwa miaka mingi na kufia huko huko. Duka lilikuwa banda la miti na nyasi. Ndani mlikuwa na nguo za merikani na kaniki, ushanga, masango ya waya wa shaba na chumvi. Nyuma ya banda, chini ya upenu, nilikuta lundo la pembe za ng'ombe lililonifika kifuani.

Ng'ombe wa kule, kwa asiyewajua, wana pembe ndefu kuliko mkono wa mtu mzima, nene shinani, zimepanda juu na kufunguka pande mbili. Ami aliziokota mabondeni mwaka ule mizoga ilipolala kila mahali, akitumaini kwamba pwani zingepata bei ya kukaribia pembe za ndovu. Hazikupata bei yoyote. Wapagazi nao walizikataa kwa sababu zilikuwa zinawachoma mabegani bila faida, kwa hiyo zikabaki pale zikipigwa na mvua ya upande. Nilizikuta, nikaziacha. Wateja waliingia kwa mlango wa mbele, wakanunua, wakatoka kwa mlango wa mbele, na hakuna aliyewahi kuliangalia lile lundo. Nilidhani hawalioni kwa sababu ni takataka.

Mmoja tu ndiye alipitia nyuma. Alikuwa binti wa mfugaji mmoja wa kijiji cha jirani, mrefu, mwenye shingo iliyonyooka, anayeongea kwa uchache. Alikuja kila baada ya siku tatu nne na kikapu cha kahawa iliyokaushwa, akataka chumvi ya kiganja kimoja. Kiganja kimoja! Chumvi ambayo mtu angeinunua mara moja ikamtosha mwezi, yeye aliigawa safari saba. Na kila alipokuja hakupita mbele kama watu. Alizunguka nyuma ya banda, akasimama chini ya upenu kitambo, ndipo akajitokeza kaunta, macho yameloa kidogo, anatazama chini.

Mimi nikajua. Kijana wa miaka ile hahitaji kuambiwa mara mbili. Nikaona anasimama kule nyuma kujiweka sawa, kuvuta pumzi, kuona haya. Nikaanza kuvaa kanzu safi siku za kawaida. Nikajipaka mafuta ya mawaridi niliyokuwa nimeyaficha kwa ajili ya Idi. Nikamwongezea chumvi, akakataa nyongeza, na kukataa kwake nikakuona ni adabu ya mapenzi.

Nikatuma mshenga. Mshenga wangu alikuwa mhunzi wa pale, mtu mzima, mwenye mikono myeusi na maneno machache, ambaye ami, kabla ya kufa, alimwachia kazi ya kuniangalia nitakapofika. Alikwenda, akakaa huko mchana kutwa, akarudi na jibu. Baba wa binti alikuwa mjane tangu siku binti alipozaliwa, na zamani zizi lake lilikuwa limejaa. Alisema, "Mahari ya kwetu ni ng'ombe. Ng'ombe hawapo, sitamdai mtu kitu kisichopo. Aniletee muhoro mmoja, na mpini autie kwa mkono wake mwenyewe."

Muhoro ni panga kubwa la nchi ile, pana, lenye ncha iliyopinda mbele, na ndilo linalotunza mgomba. Mhunzi akanieleza mambo yatakavyokuwa. Siku ya kuupeleka nitaukabidhi kwa mikono miwili mbele ya wazee. Baba wa binti ataushika, ataingia nao shambani na kukata jani moja la mgomba. Akikata, amekubali, na watu watapiga vigelegele. Akiurudisha bila kukata, nichukue muhoro wangu niende zangu, na mlango ule nisiubishe tena maishani.

"Mpini wa mti gani?" nikamuuliza.

"Msambya," akasema. "Haupasuki, wadudu hawautaki, na jasho likiuingia unakushika vizuri zaidi."

"Hakuna mwingine?"

"Ipo mingine. Umeniuliza ulio bora."

Ningemsikiliza, nisingekuwa na cha kuandika hapa. Lakini msambya ulikuwa kila mahali, ndio nguzo za nyumba, ndio mpini wa jembe la kila mkulima. Nikawaza nitampelekeaje mkwe wangu kitu ambacho hata maskini wa mwisho anacho mkononi? Nikaufikiria mti wa kahawa, mgumu na mzuri wa rangi, lakini kule mbuni haukatwi ovyo bila ruhusa, na sikutaka ugomvi na wakubwa wa nchi. Kisha nikakumbuka kwetu. Pwani heshima ya jambia iko mpinini, na mpini wa mtu mwenye jina ni wa pembe. Nami nina lundo zima la pembe nyuma ya nyumba! Nilicheka peke yangu kwa kujiona mjanja.

Nilichagua asubuhi nzima. Nilizigonga moja moja nisikie sauti, nikazinusa, nikazipima mkononi. Mpini hutoka kwenye ncha, kwa maana shinani pembe ni tupu ndani, na ncha nyingi zilikuwa zimeoza au zimechanika. Mwishowe nikaipata moja iliyojaa vizuri, nyeupe kama samli iliyoganda, ikimalizikia kwa weusi wa kung'aa. Zaidi ya yote, karibu na ncha ilikuwa na mfereji mwembamba ulioizunguka, laini, mahali pa kidole cha shahada kabisa. Nikasema hii imeumbwa kwa kazi hii.

Nikaipeleka kwa mhunzi anichomee tundu kwa chuma cha moto. Alikuwa ameshamaliza bapa la muhoro, zuri ajabu. Aliiona pembe mkononi mwangu, akaweka mikono nyuma.

"Moto wangu hauingii humo," akasema.

"Kwa nini?"

"Uliniuliza mpini, nikakujibu."

Nikakasirika. Nikamwona mshamba asiyejua kitu kizuri, nikachukua bapa langu nikaenda kufanya mwenyewe. Nilikata ncha kwa msumeno, urefu wa shibiri na nusu, na kile kipande kirefu kilichobaki nikakitupa jalalani. Nikaichemsha ncha kwenye chungu mpaka ikalainika, nikaitoboa, nikazamisha mkia wa muhoro kwa ulimbo, nikapigilia misumari miwili ya shaba. Banda lote lilinuka nywele zilizoungua. Nikasugua kwa majani ya msasa siku mbili, nikapaka mafuta. Ulipokwisha niliuweka juani nikauzunguka kama mtu anayetazama farasi. Kidole kilikaa kwenye ule mfereji bila kutafuta.

Siku ikafika. Wazee walikaa uani kwa baba wa binti, juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa. Tukapewa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikapu kidogo, nikatafuna kama wenyeji ingawa nilikuwa sijaizoea. Nilimsalimu mwenye nyumba, "Shikamoo, baba," naye akaipokea kwa kutabasamu, kwa maana alikuwa amejifunza neno hilo kwa ajili yangu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, amejifunga nguo ya gome la mti uitwao mtoma. Mhunzi alikaa pembeni, hanitazami. Binti alikuwa ndani na shangazi zake, nikiuona mguu wake mmoja tu mlangoni.

Nikaufunua muhoro kutoka kwenye kaniki. Watu wakanyamaza, nami kwa ujinga wangu nikadhani ni mshangao wa uzuri. Nikapiga goti, nikautoa kwa mikono miwili.

Alilitazama bapa kwanza, akalisifu. Kisha akaushika mpini, akasimama, akageukia shambani. Alikwenda hatua tatu. Kidole chake cha shahada kikateremka kikaingia kwenye mfereji, na hatua ya nne hakuipiga. Alisimama pale amenipa mgongo. Nilikiona kile kidole kikizunguka, kikienda na kurudi kwenye ule mfereji, polepole, kama mtu anayesoma kwa kupapasa. 

Aligeuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu isipokuwa siku ile. Akaita jina. Nilidhani anamwita binti yake, kumbe halikuwa jina la mtu, na binti alilijua, akatoka ndani mbio kabla halijaisha, shangazi wamemshika nguo, akafika, akauona mpini, akaweka viganja vyote viwili mdomoni.

"Ni yeye," baba akamwambia. Alisema kwa Kinyambo, na mimi Kinyambo changu kilikuwa cha dukani, lakini kila neno la siku ile nililielewa. "Kamba yake ilikaa hapa."

Mzee mmoja ndiye aliyenieleza, kwa maana nilikuwa nimebaki na goti chini. Mke wa mwenye nyumba alikufa siku ya kujifungua. Mtoto akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, ng'ombe mwekundu, na baba kwa shukrani akamvika yule ng'ombe kamba za ushanga kwenye pembe zote mbili. Hazikuvuliwa mpaka zikachimba mfereji. Sotoka ilipoingia, ndiye aliyekufa wa mwisho zizini. Mtoto alikuwa ameshakua binti, na alikaa penye kichwa chake siku mbili akimfukuzia inzi.

Nilitazama kile kitu nilichokisugua siku mbili kwa majani ya msasa nikiimba, nikataka ardhi inimeze. Nilikuwa nimechukua kichwa cha mama wa yule binti, nikakikata kwa msumeno, nikakichemsha, nikakitia misumari, nikaja nacho kuomba mke.

"Niliomba muhoro kwa sababu ng'ombe hawapo," baba akasema, sauti yake ndogo. "Wewe umeniletea ng'ombe. Tena wangu."

Hakukata jani, wala hakunirudishia muhoro. Alinyoosha mkono akasema, "Mtoe." Ikabidi nimtoe palepale, mbele ya wazee na akina shangazi. Mhunzi alinipa tupa. Nilikata vichwa vya misumari yangu miwili ya shaba, tupa ikateleza nikajikata, na hakuna aliyesema pole. Nilipoivuta pembe ikatoka, baba aliipokea, akaipangusa damu yangu, akaifunga kwenye gome la mtoma, akaingia ndani. Bapa tupu likabaki miguuni pangu. Sikujua nimekataliwa au bado.

Njiani nilimgeukia mhunzi nikamfokea. "Ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Nilijua ni za watu," akasema. "Sikujua ni ya nani. Zile zote zina wenyewe, kijana. Kila moja ina jina."

"Na mbona hakuna aliyezidai?"

"Mwaka ule tulikuwa na njaa," akasema. "Hatukuwa na nguvu ya kuwazika. Ami yako alipokuja kuokota, tulimtazama tu. Mtu atakwendaje kudai kitu alichokiacha kikiokotwa machoni pake?"

Nilifika nyumbani, nikaenda nyuma ya banda. Sikuweza kulitazama lile lundo kwa mara moja. Miezi yote ile nilikuwa nikianika kanzu zangu juu yake. Nilikaa chini nikalia, na sioni haya kusema.

Kesho yake nikatoa habari kwa kila aliyeingia dukani kwamba aliye na chake nyuma ya nyumba akichukue, bila neno na bila malipo. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili alikuja bibi kizee mmoja aliyekuwa mteja wangu wa ushanga. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja, akavuta moja kutoka chini, nyingine kutoka ubavuni, hakusitasita hata kidogo, akazibeba mgongoni kwa kitambaa cha kubebea mtoto, akaondoka. Alijua hasa zilipo. Baada yake wakaja wengi. Lundo likashuka mpaka magotini.

Siku ya tano akaja binti. Safari hii alipita mbele.

"Baba anauliza ya pili iko wapi," akasema.

Nilimpeleka nyuma nikamwambia sijui, zinafanana. Alinitazama kwa namna ambayo bado inanichoma. Akapiga magoti, akafumba macho, akaanza kupapasa ncha moja moja kwa vidole, na hazikufika kumi alipoinua moja akaikumbatia.

"Na kile kipande ulichokata, cha ile ya kwanza?"

Macho yangu yakaenda jalalani yenyewe, naye akayafuata. Nikaingia jalalani na kanzu yangu safi, nikafukua majivu, maganda ya ndizi na mifupa ya kuku kwa mikono, mpaka nikakipata, kimeanza kuliwa na mchwa. Nilikiosha kwa maji ya kunywa.

"Zipeleke wewe mwenyewe," akasema. "Na lile bapa litie msambya."

Nikaenda kesho yake, pembe begani, muhoro wenye mpini wa msambya mkononi. Mpini ule niliuchonga bila pambo lolote. Baba alikuwa ameshachimba shimo mlangoni pa zizi lake tupu. Tulivipanga pamoja vipande vyote, kile nilichokitia misumari kikiwa na matundu yake mawili, tukafukia. Alibaki ameinama pale. Kisha akaosha mikono, akauchukua muhoro bila kuutazama sana, akaingia shambani peke yake. Nilisikia jani likianguka.

Tukaoana, akasilimu, tukazaa. Aliishika biashara kuliko mimi. Miaka mingi baadaye, siku moja tunapanga chumvi, nikataka kumchokoza. Nikamwambia, "Enzi zile ulikuwa unanipenda wewe. Chumvi kiganja kimoja, safari saba, unasimama nyuma ya banda kujitengeneza ndipo unitokee!"

Akaacha kupanga. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, mtu ambaye hakuwahi kufikiri kwamba mwenzake halijui jambo hilo.

"Mume wangu," akasema, "miaka yote hii unadhani nilikuwa nakuja kwako?"

Kiganja changu kilibaki ndani ya gunia.

"Nilikuwa nakuja kumwona yeye," akasema. "Nilimpata siku ya kwanza tu, nilipopita nyuma kukwepa tope. Sikuweza kumnunua, sikuweza kumwomba. Nikawa nakuja kumshika. Wewe nilikuzoea baadaye."

Akaendelea kupanga chumvi.